Mwili, baraza, mzaha au alama: namna nne za kupinga utawala wa kiimla kwa sanaa ya utendaji

Wasanii wa sanaa za maonyesho hapa Dar es Salaam, hasa vijana waliomaliza vyuo na vikundi vya mitaani vinavyofanyia mazoezi kwenye madarasa ya shule baada ya saa za masomo, hulirudia swali moja kila mazungumzo yanapofika kwenye siasa. Mahali ambapo serikali haivumilii kukosolewa, msanii asimame peke yake hadharani na mwili wake, aite watu washiriki pamoja naye, afanye mzaha, au aache alama na kuondoka? Majibu hutolewa kwa mapenzi zaidi kuliko kwa ushahidi: anayevutiwa na ujasiri hutetea mwili, aliyelelewa katika sanaa shirikishi hutetea baraza, na kila mmoja humwona mwenzake ama mwoga ama mpenda kujionyesha. Hapa chini namna hizo nne zinapimwa kwa vigezo vilevile. Mifano mingi ni ya nchi nyingine, kwa sababu mambo hayo yamekwisha kutokea na matokeo yake yanajulikana. Kuhusu nyumbani, mwenye macho haambiwi tazama.

Vigezo

Kigezo cha kwanza ni mzigo, yaani nani anabaki na matokeo baada ya polisi kufika. Nakitanguliza kwa makusudi, kwa kuwa tumezoea kupima ujasiri wa msanii na kumsahau aliyesimama karibu naye, aliyeazimisha spika, mwenye ukumbi, na mzazi atakayeitwa kituoni saa nne usiku. Cha pili ni hadhira: nani anaona, na je, anaelewa anachokiona bila kusomewa maelezo. Cha tatu ni kificho, maana yake tafsiri ya pili, isiyo na siasa, ambayo mtendaji anaweza kuishikilia mbele ya askari au hakimu. Cha nne ni mabaki, yaani kile kinachoendelea kufanya kazi baada ya tendo lenyewe kwisha. Gharama ya fedha sikuifanya kigezo, kwa kuwa namna zote nne zimewahi kufanywa na watu wasio na kitu.

Anayefanyia kazi hapa azingatie sheria kabla ya vigezo vyote. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi inamtaka anayeandaa mkusanyiko wa hadhara atoe taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliyaweka maonyesho ya jukwaani chini ya utaratibu wa kibali. Na shughuli za sanaa kwa ujumla ziko chini ya BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Kila namna hukutana na masharti haya kwa mlango wake. Baraza hukutana nayo siku ya kwanza ya mazoezi, ilhali mtu mmoja aliyesimama kimya huenda asikutane nayo kabisa mpaka wa pili atakapokuja kusimama pembeni yake.

Mwili wa mtu mmoja

Tarehe 17 Juni 2013, siku mbili baada ya polisi kuwafukuza waandamanaji katika bustani ya Gezi mjini Istanbul, mcheza dansi Erdem Gündüz aliingia uwanja wa Taksim jioni, akaweka begi lake chini, akatia mikono mfukoni na kusimama akikitazama Kituo cha Utamaduni cha Atatürk. Hakubeba bango wala kusema neno. Kufikia saa nane usiku watu wapatao 300 walikuwa wamesimama pamoja naye. Katika ncha nyingine ya namna hii yuko Pyotr Pavlensky wa Urusi, aliyejishona midomo mbele ya Kanisa Kuu la Kazan mjini St Petersburg Julai 2012, akajipigilia msumari kwenye mawe ya Uwanja Mwekundu wa Moscow Novemba 2013, kisha Novemba 2015 akauchoma moto mlango wa makao makuu ya idara ya usalama ya FSB.

Mzigo: Pavlensky aliubeba mwenyewe kwa sehemu kubwa. Baada ya tukio la mlango alikaa mahabusu miezi kadhaa, hadi Juni 2016 alipotozwa faini na kuachiwa. Kwa Gündüz hesabu ilikwenda vingine, kwani polisi walipoingia usiku ule waliokamatwa walikuwa watu kama kumi waliojiunga naye na kukataa kuondoka. Anayepanga kusimama peke yake apange pia kitakachofanyika watu wakimfuata.

Hadhira: Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu akijishona midomo pale Kariakoo saa sita mchana, umati utakusanyika haraka sana, simu zitatolewa, na mjadala utakuwa juu ya kama amerogwa au amechanganyikiwa. Serikali nazo huipenda tafsiri hiyo, na Pavlensky alipelekwa kupimwa akili zaidi ya mara moja. Linganisha na akina mama wa wafungwa wa kisiasa walioanza mgomo wa kula Uhuru Park, Nairobi, mwishoni mwa Februari 1992, Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Polisi walipowavamia tarehe 3 Machi kwa mabomu ya machozi na virungu, baadhi ya wazee wale walivua nguo. Hawakujiita wasanii, na hakuna aliyehitaji kuelezwa, kwa sababu uchi wa mama mzee mbele ya kijana mwenye kirungu ni laana ambayo askari wale waliijua tangu utoto. Mwili husema pale tu unapotumia lugha ambayo watazamaji wanayo tayari.

Kificho: Kusimama ni kificho kamili. Msumari hauna kificho.

Mabaki: Picha moja, na jina la mtu. Jina hilo humlinda msanii, maana dunia inamfuatilia, lakini pia hulibadilisha suala zima kuwa habari zake: watu watamkumbuka Pavlensky na kusahau alikuwa anapinga nini.

Baraza

Naita baraza kila onyesho ambalo watazamaji wanaingia ndani yake, kuanzia sanaa shirikishi tuliyoizoea hadi jukwaa lililo wazi kwa yeyote mwenye la kusema. Namna hii ina mizizi mirefu kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Amandina Lihamba na Penina Mlama, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, Mwanza, wakiibua matatizo yao kwa michezo na ngoma. Amerika Kusini, mwongozaji wa tamthilia wa Brazil Augusto Boal alikamatwa São Paulo mwaka 1971, akateswa, akakimbilia Argentina, na mbinu zake za kumtoa mtazamaji kitini zilikomaa katika miaka hiyo ya uhamishoni.

Aliyewahi kuona onyesho shirikishi Mbagala au Manzese anaujua wakati wenyewe. Waigizaji wameonyesha mpangaji anayetolewa vyombo nje na mwenye nyumba aliyeelewana na ofisa wa mtaa. Mwezeshaji anausimamisha mchezo na kuuliza nani angefanya vingine. Watu wanacheka, wanasukumana. Kisha mama mmoja anatua beseni lake la vitumbua, anamkabidhi jirani mtoto, anaingia uwanjani na kuchukua nafasi ya mpangaji. Anaanza kwa aibu, halafu anamuuliza ofisa wa kuigiza swali ambalo mwandishi wa tamthilia asingelibuni, lenye tarehe, jina la barabara na kiasi alichodaiwa. Makofi yanalipuka. Nyuma kabisa, chini ya mwarobaini, yuko mtu ambaye hapigi makofi bali anaandika.

Mzigo: Kikundi kitapanda daladala na kurudi mjini, ilhali yule mama ataamka kesho palepale, kwa mjumbe yuleyule. Hilo ndilo tatizo kubwa la baraza chini ya utawala wa kiimla, na wapenzi wake, nami nikiwa mmojawapo, hulizungumza kwa sauti ya chini mno. Kamirithu, karibu na Limuru nchini Kenya, wakazi walijenga wenyewe ukumbi wa wazi na kuigiza kwa Kigikuyu tamthilia iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mirii. Ilifunguliwa Oktoba 1977. Mwezi uliofuata ikapigwa marufuku. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kushtakiwa, akatoka Desemba 1978. Mwaka 1982 serikali iliubomoa ukumbi. Mwandishi alipoteza mwaka wake na baadaye nchi yake, hasara ambayo haipaswi kubezwa. Wanakijiji walipoteza mahali pao pa kukutana, na hawakuwa na chuo cha ng'ambo cha kuwapokea.

Hadhira: Hakuna namna nyingine inayofikia kiwango hiki cha uelewa. Watu hawaelezwi tatizo lao, wanalieleza.

Kificho: Kipo kiasi, kwa kuwa onyesho linaweza kuitwa elimu ya afya, ya ardhi au ya mikopo, na mara nyingi ni kweli ndivyo lilivyo. Lakini kificho hicho ni cha kikundi, si cha mshiriki aliyetaja jina la barabara. Boal alijaribu kulikabili hili kwa maonyesho yasiyotangazwa kuwa maonyesho, kwa mfano mteja wa mgahawa anayekula na kushindwa kulipa, ugomvi unazuka kuhusu mshahara wa mfanyakazi, na waliokaa meza za jirani wanaingia katika mjadala bila kujua kwamba ni mchezo. Kwa mtazamo wangu hii ni hatari zaidi, maana mtu anayebishana kuhusu serikali bila kujua kuwa yuko kwenye onyesho hakupewa nafasi ya kuamua.

Mabaki: Kikubwa ni mazoea ya kusema mbele za watu. Msanii wa Cuba Tania Bruguera aliyaonyesha kwa ufupi mjini Havana mwaka 2009, alipoweka kipaza sauti ndani ya Kituo cha Wifredo Lam na kumpa kila aliyetaka dakika moja ya kusema lolote. Wawili waliovaa sare za kijeshi walimsimamia msemaji na kumwekea njiwa mweupe begani, kama yule aliyemtulia Fidel Castro alipohutubia Januari 1959. Wapo waliotumia dakika yao kulia tu. Alipotaka kulirudia tendo hilo katika Uwanja wa Mapinduzi Desemba 2014 alikamatwa kabla hajafika, na watu wengine waliohusishwa nalo walikamatwa pia.

Mzaha

Poland ilipokuwa chini ya sheria ya kijeshi, watu waliandika kwenye kuta kauli za kuiunga mkono Solidarity, chama cha wafanyakazi kilichoipinga serikali, na mamlaka ikazifuta kwa kupaka rangi juu yake. Kuanzia mwaka 1982, vijana wa Wrocław walioongozwa na Waldemar Fydrych walichora juu ya mabaka hayo ya rangi vibeti wa hadithi za watoto, wenye kofia. Baadaye kundi lao, Orange Alternative, lilihamia barabarani. Mwaka 1987 waligawa karatasi za chooni, bidhaa iliyokuwa adimu; tarehe 8 Machi 1988, Siku ya Wanawake, Fydrych alikamatwa akigawa pedi, nazo zilikuwa hazipatikani; na tarehe 1 Juni mwaka huohuo maelfu waliingia mitaani wakiwa wamevaa kofia za vibeti.

Mzigo: Unagawanyika katika vichwa vingi, hivyo kila mmoja hubeba kidogo. Wengi waliokamatwa Wrocław waliachiwa baada ya muda mfupi.

Hadhira: Ni kubwa na changamfu, kwa kuwa mpita njia hahitaji kuwa na msimamo wa kisiasa ili acheke foleni ya karatasi za chooni, tayari amepanga foleni hiyo wiki nzima.

Kificho: Ndiyo nguvu yake yote. Askari ataandika nini kwenye maelezo yake, kwamba amemkamata kibeti? Belarus iliangukia katika mtego huo mwaka 2011, wapinzani walipoanza kukusanyika na kupiga makofi tu, na polisi wakaanza kukamata wapiga makofi. Mmoja aliyekamatwa alikuwa mtu mwenye mkono mmoja, na mwaka 2013 tuzo ya dhihaka ya Ig Nobel ya amani ilitolewa kwa Rais Lukashenko na polisi wake. Pwani yetu inalijua jambo hili tangu zamani: ngoma ya beni iliyoenea Dar es Salaam na miji mingine enzi za ukoloni, na sare zake, vyeo vyake na gwaride lake la kuiga jeshi, iliwaacha maofisa wakijiuliza kama wanaheshimiwa au wanachekwa, na wanahistoria bado wanabishana.

Hata hivyo kificho hufanya kazi kwa serikali inayoona haya. Byron Kawadwa, aliyeongoza Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho wa Uganda, alikuwa mtunzi wa mafumbo, na mafumbo hayakumkinga. Watu wa Idi Amin walimchukua na kumuua mwaka 1977.

Mabaki: Dhaifu, kwa maoni yangu. Mzaha hufugika upesi. Wrocław ya leo ina mamia ya sanamu ndogo za vibeti ambazo watalii huzitafuta mitaani na kupiga nazo picha, na si wengi wao wanaouliza zimetokana na nini.

Alama

Mwandishi wa habari Vladimir Herzog alifia mikononi mwa wanajeshi mjini São Paulo Oktoba 1975, na serikali ya Brazil ikasema amejinyonga. Msanii Cildo Meireles alichukua noti za kawaida, akazigonga muhuri wa swali la nani amemuua Herzog, na kuzirudisha kwenye mzunguko. Hakuna mtu anayechana pesa. Mfikirie konda wa daladala aliyekunja noti kwa urefu na kuzipanga katikati ya vidole: anatoa chenji, abiria anaikunjua, anasoma, anaangalia kulia na kushoto, kisha anaitumia kununua sukari, kwa sababu hana nyingine. Kila anayeipokea analazimika kuipitisha.

Mzigo: Kwa nadharia haupo kwa yeyote, maana msanii hajulikani na mpokeaji hana kosa. Kamera zimebadilisha hesabu hiyo. Aleksandra Skochilenko alibandika vikaratasi vya kupinga vita mahali pa bei za bidhaa katika duka la St Petersburg Machi 2022. Mteja alitoa taarifa, Skochilenko akatafutwa na kupatikana, na Novemba 2023 akahukumiwa miaka saba. Aliachiwa Agosti 2024 katika ubadilishanaji wa wafungwa. Vikaratasi vyenyewe vilikuwa vitano. Ikumbukwe pia kwamba katika nchi nyingi kuandika kwenye noti ni kosa, hata anayeandika akiwa hana nia ya siasa.

Hadhira: Ni yeyote, popote, akiwa peke yake, na hapo pana faida na hasara, kwa kuwa msomaji wa noti hajui ni wangapi wameisoma.

Kificho: Ni cha mtu, si cha ujumbe. Ujumbe uko wazi kabisa.

Mabaki: Alama ndiyo inayodumu, hasa ikiungana na baraza. Tarehe 21 Septemba 1983, utawala wa kijeshi wa Argentina ukiwa unaelekea ukingoni, wasanii Rodolfo Aguerreberry, Julio Flores na Guillermo Kexel walipeleka karatasi kubwa na rangi katika uwanja wa Plaza de Mayo, Buenos Aires, kwenye maandamano ya akina mama wa waliopotezwa. Watu walilala juu ya karatasi, wenzao wakawachora mzingo wa mwili, na umbo tupu likabandikwa ukutani likiwa wima, kwa kuwa akina mama hawakutaka watoto wao waonyeshwe wakiwa wamelala kama maiti. Kila umbo lilikuwa la mtu asiyekuwepo, lililopimwa kwa mwili wa aliyekuwepo. Waliolala walijua wanafanya nini, na walikuwa wengi kiasi cha kutoweza kukamatwa mmoja mmoja.

Kuchagua kwa hali uliyonayo

Ukiwa huna mke, mume, watoto wala kikundi kinachokutegemea, na suala lenyewe linaweza kusomeka katika mwili bila maelezo, namna ya kwanza inaweza kukufaa, mradi wakili awe amejua mapema na mtu mwingine awe na kazi ya kuwaambia wanaojiunga wana haki ya kuondoka. Ukiwa na jina linalojulikana nje ya nchi, tumia kinga hiyo mwenyewe. Usimtume mwanafunzi wako.

Kikundi chenye uhusiano wa miaka na mtaa mmoja, ambacho wanachama wake wanaishi hapohapo, kina haki ya kufikiria baraza kuliko kikundi kinachofika kwa mradi wa wiki mbili. Wa wiki mbili wabadilishe majina, mahali na kiasi katika kila kisa kabla ya kukiigiza, na wawazuie kwa upole washiriki wanaotaka kuvirudisha. Onyesho litapungua makali. Hiyo ni bei halali.

Pale ambapo serikali bado inajali sura yake, uchaguzi uko karibu au wageni wa kimataifa wapo, mzaha hupata nafasi ambayo hotuba haipati, na unawafaa wanafunzi na watu wasiopenda kujulikana. Pale ambapo watu wanachukuliwa usiku na kutoonekana tena, mzaha wa hadharani uwekwe kando, na alama ifikiriwe kwa tahadhari ya kamera na simu. Anayeishi chini ya hali hiyo ana haki kamili ya kutofanya lolote, na asiwepo wa kumwita mwoga.

Hali ya mwisho inawahusu wengi hapa mjini kuliko wanavyokiri: kikundi cha Dar es Salaam kinachotaka kuandaa onyesho kuhusu udikteta wa nchi nyingine, katika ukumbi kama Nafasi pale Mikocheni, mbele ya hadhira isiyo na la kuhofia. Namna zote nne zinawezekana, na mzigo wote uko kwa watu walioko ndani ya nchi ile, ambao picha zao zitatumika na sauti zao zitasikika. Belarus Free Theatre, lililoanzishwa Minsk mwaka 2005, liliendelea na kazi hata baada ya viongozi wake kukimbilia London, wakiongoza mazoezi ya waliobaki kwa njia ya intaneti. Kabla ya bango la kwanza kuchapwa, waulizwe walioko huko ni jina gani libaki, ni uso gani ufichwe, na kama wangependa onyesho hilo lisifanyike kabisa.